Surua Iliyotumika Kama Dawa: Historia ya Tiba ya Watoto Wenye Figo Zinazovuja

Katika miaka ya 1940 walikuwapo madaktari wa watoto nchini Marekani waliowaambukiza wagonjwa wao surua kwa makusudi. Hawakuwa watu katili. Walikuwa wameona kwa macho yao mtoto aliyevimba mwili mzima kwa miezi, kope zimeumuka hata macho hayafunguki, tumbo limejaa maji, akipata surua wodini bila mtu kuipanga. Siku chache baada ya vipele kujitokeza, mkojo ulianza kumwagika, uvimbe ukashuka, na mtoto aliyekuwa hataki hata uji akaomba chakula. Mwaka 1947 visa vya namna hiyo viliandikwa katika majarida ya kitabibu, na Charles Janeway na wenzake wa hospitali ya watoto ya Boston wakavifuatilia. Ikiwa surua iliyokuja yenyewe iliweza kumkausha mtoto maji, kwa nini isiletwe? Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wapo waliojaribu hata malaria.

Msomaji wa Afrika Mashariki, ambako surua ilizika watoto wengi kabla ya chanjo kuenea, anaweza kushtuka kusikia hivyo. Ana haki ya kushtuka. Lakini kabla ya kuwahukumu madaktari wale inafaa tujue walichokuwa wakipambana nacho, na jinsi mikono yao ilivyokuwa mitupu.

Ugonjwa wenyewe huitwa sindromu ya nefrotiki. Kila figo ina vichujio vidogo sana, karibu milioni moja, na kazi yavyo ni kupitisha maji na taka huku vikizuia protini za damu zisitoke. Katika ugonjwa huu vichujio hivyo vinaanza kuvuja. Protini iitwayo albumini hupotea katika mkojo, hupungua kwenye damu, na maji yaliyopaswa kubaki ndani ya mishipa hutokea nje na kujaa chini ya ngozi na tumboni. Mara nyingi mzazi huona kwanza macho ya mtoto yamevimba asubuhi na kudhani ni mzio au mbu. Baadaye miguu hufuata, kisha tumbo, na kwa wavulana hata korodani. Mkojo hutoka na povu. Wengi wanaoupata wana umri wa miaka 2 hadi 6.

Uvimbe wenyewe haukuwa muuaji mkuu. Pamoja na albumini, figo huvujisha pia kingamwili, na maji yaliyotuama tumboni huwa makao ya vijidudu. Mtoto aliyevimba angeamka na homa na maumivu ya tumbo, na siku mbili baadaye akawa amefariki kwa bakteria wa nimonia walioingia kwenye utando wa tumbo. Kabla ya dawa za sulfa kupatikana mwishoni mwa miaka ya 1930, takribani theluthi mbili ya watoto hawa walikufa. Sulfa ilipunguza vifo. Penisilini ilivipunguza zaidi, hadi karibu theluthi moja. Wala dawa hizo hazikugusa figo: zilizuia tu maambukizi yasimuue mtoto huku madaktari wakisubiri figo zitulie zenyewe, na zilitulia kwa baadhi yao baada ya miezi au miaka. Surua ilikuwa kitu cha kwanza walichokiona kikizifanya figo zinyamaze kwa siku chache.

Ugonjwa huu haukuwa mgeni. Mwaka 1722 daktari Theodor Zwinger wa Basel, Uswisi, aliandika katika kitabu chake cha magonjwa ya watoto juu ya uvimbe wa mwili mzima, akauhusisha na figo. Hata hivyo kwa zaidi ya miaka mia madaktari wengi walibaki wakiamini kwamba mtu mwenye kuvimba ana tatizo la ini, la moyo au la damu baridi. Aliyebadilisha mambo ni Richard Bright wa hospitali ya Guy's, London. Mwaka 1827 alichapisha ripoti zilizounganisha mambo matatu: mgonjwa aliyevimba, mkojo unaoganda ukichemshwa, na figo zilizoharibika ndani ya maiti ya mgonjwa huyohuyo. Alichemsha mkojo ndani ya kijiko juu ya mshumaa, na ukiganda mfano wa ute wa yai alijua figo zina kasoro. Mwenzake John Bostock, daktari na mkemia, alipima damu ya wagonjwa hao na kukuta albumini imepungua. Kwa kijiko, mshumaa na subira ya kufungua maiti, ugonjwa ukapata makao yake mwilini.

Dawa haikupatikana. Wagonjwa wa Bright walitolewa damu, wakaharishwa, wakapewa dawa za kukojoza, na wengi wakapewa zebaki. Baadaye katika karne ya 19 Reginald Southey alibuni vijibomba vyembamba vya kuchomeka chini ya ngozi ya miguu ili maji yachuruzike nje, na pamoja na maji yale maambukizi yakapata mlango wa kuingilia. Mwaka 1917 Albert Epstein wa New York alipendekeza mgonjwa ale protini kwa wingi na apewe dawa ya tezi la shingo, kwa kuwa damu yake ilijaa mafuta kama ya mtu ambaye tezi lake limelegea. Wengine walikataza protini kabisa, wakisema ndiyo inayozichosha figo. Watoto walilishwa nyama katika hospitali moja na kunyimwa nyama katika hospitali ya pili, na kila daktari alikuwa na hoja yake.

Mlango ulifunguliwa na watu waliokuwa wakitafuta dawa ya baridi yabisi. Katika kliniki ya Mayo, mjini Rochester, Minnesota, mkemia Edward Kendall alikuwa ametenga kemikali kadhaa kutoka kwenye tezi ndogo zinazokaa juu ya figo. Tadeus Reichstein alifanya kazi kama hiyo Uswisi, na alikuwa Basel, mji uleule wa Zwinger. Tatizo lilikuwa kiasi: maelfu ya tezi za ng'ombe yalitoa chembe tu. Ndipo Lewis Sarett wa kampuni ya Merck akatengeneza mojawapo ya kemikali hizo kwa kuanzia na asidi ya nyongo ya ng'ombe, kwa hatua zaidi ya thelathini za kikemia. Septemba 1948 Philip Hench wa Mayo aliidunga kwa mwanamke kijana aliyekuwa hawezi hata kugeuka kitandani kwa sababu ya maungo yake, na baada ya siku chache akatembea. Dutu hiyo ikaitwa kortisoni. Mwaka 1950 Kendall, Reichstein na Hench walipewa tuzo ya Nobel.

Kulikuwa na njia ya pili ya kufikia hapohapo: homoni ya ubongoni iitwayo ACTH, inayoziamuru tezi za juu ya figo zitoe zenyewe homoni ya jamii ya kortisoni. Kampuni ya Armour ya Chicago, wachinjaji wakubwa wa nyama, iliitoa katika vichwa vya nguruwe. ACTH ndiyo iliyowafikia kwanza watoto wenye sindromu ya nefrotiki. Mwaka 1950 vikundi kadhaa nchini Marekani, kimoja kikiongozwa na Henry Barnett wa New York, viliripoti kwamba mtoto akidungwa kwa siku kumi hivi, huvimba zaidi kwanza. Kisha, mara nyingi baada ya sindano kusimamishwa, mkojo hufunguka. Protini katika mkojo ikapungua, na kwa baadhi ya watoto ikakoma kabisa. Surua ilikuwa imefanya kazi kama hiyo kwa muda mfupi na kwa hatari kubwa. Sasa lilipatikana jambo ambalo daktari angeweza kulianza na kulisimamisha kwa hiari yake.

Mtu anayesoma makala za miaka ile anaona furaha na wasiwasi vimekaa pamoja. Kortisoni ilizuia chumvi mwilini, na chumvi ndiyo iliyokuwa adui wa mtoto aliyevimba. Presha ilipanda. Wengine walipata degedege. Mwaka 1955 kampuni ya Schering ilileta prednisoni na ndugu yake prednisoloni, zilizopatikana kwa kuwaachia bakteria kazi ya kubadilisha kortisoni. Zilikuwa na nguvu mara nne au tano zaidi na zilizuia chumvi kidogo, tena zilimezwa. Mwaka uliofuata Gavin Arneil wa Glasgow alichapisha matokeo ya prednisoloni kwa watoto hawa, na katika muda mfupi kidonge kikawa ndiyo tiba. Vifo vilivyokuwa theluthi moja wakati wa penisilini vilishuka chini ya mmoja katika kumi.

Hapa lipo jambo ambalo wasomaji wengi wa tiba hawalijui, na mimi naliona zito. Prednisoloni haikuwahi kulinganishwa na dawa bandia kwa watoto wenye ugonjwa huu katika jaribio la haki, nusu wapewe na nusu wasipewe. Ilipoanza kutumika tofauti ilikuwa wazi mno, na hakuna daktari ambaye angekubali kumnyima mtoto. Ugomvi wote uliofuata, na umeendelea kwa miaka sabini, haukuwa wa kama dawa inafanya kazi. Ulikuwa wa kiasi gani, kwa muda gani, na kwa mtoto yupi.

Ili kujibu maswali hayo ilibidi waone ndani ya figo ya mtoto aliye hai. Mwaka 1951 Poul Iversen na Claus Brun wa Copenhagen walieleza namna ya kutoa kinyofu cha figo kwa sindano, kikapimwe kwa hadubini. Kwa hadubini ya kawaida, figo za watoto wengi wenye sindromu ya nefrotiki zilionekana nzima. Ilikuwa fumbo: mtoto anavuja protini kwa gramu kila siku, na kichujio hakina kovu. Mwaka 1957 Marilyn Farquhar, Robert Vernier na Robert Good wa Minnesota walitumia hadubini ya elektroni, wakaona kitu. Seli zinazokizunguka kichujio kwa nje huwa na vidole vingi vyembamba vinavyopishana, na katika figo za watoto hawa vidole vilikuwa vimelala na kuungana. Mtoto alipopona kwa dawa, vidole vilisimama tena. Aina hiyo inaitwa ugonjwa wa mabadiliko madogo, na ndiyo inayoitikia prednisoloni vizuri kuliko zote.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 Barnett na wenzake walianzisha uchunguzi wa kimataifa wa magonjwa ya figo kwa watoto, wenye makao New York na hospitali zilizoshiriki katika nchi mbalimbali. Naupenda uchunguzi huu kwa sababu kazi yake kubwa haikuwa kugundua dawa mpya. Ilikuwa kuwafanya madaktari wakubaliane juu ya maana ya mambo. Mtoto amepata nafuu lini? Mkojo wake ukikosa protini kwa siku 3 mfululizo. Amerudiwa lini? Protini ikionekana tena siku 3 mfululizo. Tena wakaweka kipimo kimoja: miligramu 60 za prednisoni kwa kila mita ya mraba ya ngozi, kila siku kwa wiki 4, kisha 40 kwa siku 3 tu za kila wiki, kwa wiki 4 nyingine. Kabla ya hapo kila hospitali ilihesabu kupona kwa namna yake, na matokeo ya Glasgow hayakuweza kuwekwa kando ya yale ya New York.

Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 1978 na 1981, yanafundishwa mpaka leo. Kati ya watoto 521 waliochunguzwa figo, zaidi ya robo tatu walikuwa na mabadiliko madogo, na katika kundi hilo asilimia 93 waliitikia dawa, karibu wote ndani ya wiki 4. Maana yake ilikuwa kubwa: mtoto mdogo aliyevimba hakuhitaji tena kuchomwa sindano ya figo kwanza. Mpe prednisoloni, pima mkojo, na dawa yenyewe itakuambia ana aina gani. Vijiti vya kupimia mkojo vilikuwa vimekwisha kuingia sokoni, na kwa hiyo upimaji ukahamia nyumbani. Mama akawa anachovya kijiti kila asubuhi na kuandika rangi yake kwenye daftari. Kwa kweli uchunguzi wa ugonjwa huu umesimama juu ya madaftari hayo ya akina mama kwa kadiri ileile ulivyosimama juu ya hadubini.

Wakati hayo yakiendelea Ulaya na Marekani, katika hospitali ya Mulago, Kampala, hesabu ilikuwa haikubali. John Kibukamusoke, daktari wa Uganda aliyefanya kazi Mulago na Makerere, aliona sindromu ya nefrotiki kwa wingi usiofanana na wa nchi za baridi, na aliona wagonjwa wake hawapati nafuu kwa steroidi, yaani dawa za jamii ya kortisoni na prednisoloni, kama vitabu vilivyoahidi. Akishirikiana na mtaalamu wa patholojia Michael Hutt na N. E. Wilks, mwaka 1967 alichapisha uchunguzi uliouhusisha ugonjwa huo na malaria ya aina ya Plasmodium malariae, ile ambayo homa yake hurudi kila baada ya saa 72 na ambayo inaweza kukaa mwilini kwa miaka bila kumlaza mtu. Vimelea hivyo vilipatikana kwa wagonjwa wa nefrotiki mara nyingi kuliko kwa watu wengine. Mwaka 1969, pamoja na P. A. Ward, alionyesha kwamba kingamwili zilizofungamana na vipande vya kimelea hunasa ndani ya vichujio vya figo na kuviumiza. Mwaka 1973 alitoa kitabu kizima juu ya jambo hilo.

Hakuwa peke yake. Ibadan, Nigeria, Herbert Gilles na Ralph Hendrickse walikuwa wameripoti mwaka 1963 uhusiano huohuo kwa watoto. Kabla yao, mwaka 1930, George Giglioli aliyefanya kazi Guyana aliandika juu ya figo na malaria ya namna hiyo, na baadaye, malaria ilipofutwa pwani ya nchi ile kwa dawa ya DDT, akaona ugonjwa wa figo umepungua pia. Lakini kilichomuumiza daktari wa Ibadan au Kampala ni hiki: dawa ya malaria iliua vimelea, na figo ziliendelea kuharibika. Steroidi nazo hazikusaidia wengi, na mara nyingine zilileta maambukizi mabaya kwa watoto waliokuwa tayari wamekonda. Vidole vilivyolala vinaweza kusimama. Kovu halirudi kuwa nyama.

Naomba msomaji aweke mambo mawili bega kwa bega. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kuna madaktari waliomtia mtoto malaria ili figo zake zipone. Miaka kumi na kitu baadaye, kando ya Ziwa Victoria, daktari Mwafrika anaonyesha kwamba malaria ya aina fulani ndiyo inayoharibu figo za wagonjwa wake. Hakuna upande uliodanganya. Homa kali ya muda mfupi hutikisa kinga ya mwili kwa namna moja, na kimelea kinachokaa miaka hutikisa kwa namna nyingine. Kosa lingekuwa kuchukua jibu la mahali pamoja na kulipeleka pengine bila kuuliza mtoto huyu ameugua nini, na kosa hilo lilifanyika kwa muda mrefu kwa sababu vitabu vilitoka upande mmoja.

Nairobi ilikuwa na somo lake, ingawa wagonjwa walikuwa watu wazima. Mwaka 1972 madaktari wa huko waliripoti wagonjwa 60 wenye sindromu ya nefrotiki, na zaidi ya nusu yao walikuwa wametumia krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Baadhi walipona walipoacha kupaka. Zebaki ambayo wagonjwa wa enzi za Bright walipewa kama dawa ilikuwa inauzwa madukani kama urembo, na tiba ikawa ni kuitupa.

Durban, Afrika Kusini, iliweka tofauti hizi chini ya paa moja. Mwaka 1979 Hoosen Coovadia, Miriam Adhikari na Liliane Morel-Maroger walilinganisha watoto wa asili ya Kihindi na watoto Waafrika waliotibiwa katika mji huohuo. Wale wa kwanza walifanana na watoto wa vitabu vya Ulaya: mabadiliko madogo, na prednisoloni iliwatuliza. Miongoni mwa Waafrika aina hiyo ilikuwa adimu, steroidi hazikusaidia wengi, na baadhi yao walikuwa na vichujio vilivyonenepa kwa sababu ya virusi vya homa ya ini aina ya B. Aprili 1995 nchi hiyo ilianza kuwachanja watoto wachanga dhidi ya virusi hivyo, na katika miaka iliyofuata ugonjwa huo wa figo ukapungua wodini. Dawa bora ya ugonjwa ule ilikuwa chanjo iliyotolewa kliniki ya watoto wachanga, na daktari wa figo hakuhitaji hata kuiandika.

Kwa watoto walioitikia prednisoloni taabu ilikuwa nyingine. Wengi mno hurudiwa, na karibu nusu yao hurudiwa mara kwa mara. Kila kurudiwa kunaleta vidonge tena: uso unakuwa wa mviringo, mtoto ana njaa isiyoisha na hasira asiyoielewa, kimo kinadumaa, mifupa inadhoofika, wengine wanapata mtoto wa jicho. Mzazi anafurahi uvimbe umeondoka, kisha anaona mwanawe amebadilika sura na wenzake shuleni wanamcheka. Hapo ndipo madaktari walipoanza kutafuta dawa ya kuokoa mtoto kutoka kwenye dawa.

Ya kwanza ilitoka kwenye familia ya gesi ya haradali, silaha ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Saiklofosfamidi ilitengenezwa Ujerumani mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya saratani. Mwaka 1970 Martin Barratt na John Soothill wa London walionyesha katika jaribio la haki kwamba wiki 8 za dawa hiyo hupunguza sana kurudiwa. Bei yake ilijulikana punde: nywele kunyonyoka, damu kwenye mkojo, na wavulana kupoteza uzazi kadiri kipimo kilivyojumlishwa. Tangu hapo kuna kiwango cha maisha yote kisichovukwa. Levamisoli ni hadithi ya upole zaidi. Ilikuwa dawa ya minyoo, ya watu na ya mifugo, na ilipoonekana kuchezea kinga ya mwili ikajaribiwa kwa watoto hawa. Jaribio la Uingereza la mwaka 1991 liliipa heshima. Ni kidonge cha bei nafuu, na inasikitisha kwamba nchi nyingi hazikiagizi tena kwa ajili ya binadamu.

Kisha Basel ikarudi mara ya tatu. Mwaka 1969 mfanyakazi wa kampuni ya Sandoz ya mji huo, aliyekuwa likizoni Norway, alichota udongo kwenye nyanda za Hardangervidda, kwa desturi ya kampuni ya kukusanya kuvu za kila mahali. Katika kuvu mmoja wa udongo ule ilipatikana siklosporini, na Jean-François Borel na wenzake wakaona mapema miaka ya 1970 kwamba inatuliza kinga bila kuua seli. Ilibadilisha upandikizaji wa viungo, na kuanzia katikati ya miaka ya 1980 ikawasaidia watoto wa nefrotiki ambao steroidi ziliwashinda au ziliwaharibu. Lakini inaweza kuidhuru figo ileile inayoitibu, hivyo damu hupimwa mara kwa mara, na pasipo na maabara dawa hiyo haina usalama.

Mwaka 2004 madaktari wa Ujerumani waliripoti juu ya kijana aliyepewa rituksimabu kwa ugonjwa wa damu, na ugonjwa wake wa figo uliokuwa ukimsumbua kwa miaka ukatulia. Ni kingamwili inayoangamiza seli B za kinga. Kazumoto Iijima na wenzake wa Japani waliijaribu kwa wagonjwa 48 na kuchapisha mwaka 2014: waliopata dawa walikaa kwa wastani wa kati siku 267 bila kurudiwa, na waliopata dawa bandia siku 101. Matokeo haya yalitikisa fikra. Tangu mwaka 1974, R. J. Shalhoub alipokusanya vidokezo vya surua, steroidi na saiklofosfamidi na kusema chanzo ni seli T, karibu kila mtu alizitazama hizo. Sasa dawa ya seli B ilikuwa inafanya kazi.

Jibu lilikuja kwa kupitia protini iitwayo nefrini, ambayo Karl Tryggvason na wenzake waliitambua mwaka 1998 wakichunguza watoto wa Ufini wanaozaliwa na figo zinazovuja. Nefrini ndiyo inayofunga nafasi kati ya vile vidole vya seli. Mwaka 2022 watafiti wa Boston walikuta baadhi ya wagonjwa wa mabadiliko madogo wana kingamwili dhidi ya nefrini yao wenyewe, na mwaka 2024 kundi la Hamburg lilizikuta kwa zaidi ya nusu ya watoto waliochunguzwa, na kwa takribani asilimia 90 ya wale ambao ugonjwa ulikuwa umewaka na hawajapewa dawa za kushusha kinga. Miaka 74 baada ya sindano za ACTH, dawa ikaanza kupata maelezo.

Kuhusu kipimo, madaktari walizunguka na kurudi. Wajerumani walirefusha matibabu ya mwanzo hadi wiki 12, wengine wakafika miezi 6, wakiamini kurudiwa kutapungua. Majaribio makini ya Uholanzi, India na Japani hayakuthibitisha hilo, na lile la Uingereza lenye watoto 237, lililochapishwa mwaka 2019, liliona kwamba wiki 16 hazimzuii mtoto kurudiwa kuliko wiki 8. Miongozo ya kimataifa ya mwaka 2021 inasema wiki 8 au 12.

Na Durban nayo haikuacha swali lake. Mwaka 2000 Corinne Antignac na wenzake wa Paris walikuwa wamegundua jeni ya podosini, protini inayoshikana na nefrini. Mwaka 2018 watafiti wa KwaZulu-Natal waliripoti kwamba miongoni mwa watoto Waafrika ambao steroidi hazikuwasaidia, karibu mmoja kati ya wanne alikuwa amerithi kwa wazazi wote wawili badiliko lilelile moja katika jeni hiyo. Kwa mtoto kama huyo hakuna kingamwili ya kutuliza. Prednisoloni, saiklofosfamidi na siklosporini zitampa madhara yake bila faida. Kipimo kimoja cha damu kinaweza kumwepusha na miezi ya vidonge na hata na sindano ya figo. Anapewa dawa za presha zinazopunguza uvujaji, ukuaji wake unafuatiliwa, na familia inaanza mapema kuzungumza juu ya kusafishwa damu na kupandikizwa. Kwa maana figo ya mtu mwingine, isiyo na kasoro ile ya jeni, kwa kawaida haivuji tena.